Sindano ya epidurali wakati wa uchungu: kichwa, mgongo na hofu ya kupooza

"Habari za kazi, daktari. Nina mimba ya wiki 33, ndiyo ya kwanza. Hospitali ninayohudhuria kliniki hapa Dar es Salaam wameniambia kuna sindano ya mgongo ya kuondoa uchungu wa kuzaa, ila inalipiwa pembeni na inabidi tuamue mapema. Dada yangu mkubwa alichomwa sindano ya mgongo alipofanyiwa upasuaji miaka mitatu iliyopita. Kichwa kilimuuma wiki nzima, na mpaka leo mgongo unamsumbua, anasema ni ile sindano. Mama mkwe anasema anamjua mtu aliyepooza. Nesi mmoja naye kaniambia nikichomwa sitaweza kusukuma, nitaishia kwenye kisu. Mimi natumia aspirini ndogo niliyoandikiwa kliniki kwa ajili ya presha. Naogopa uchungu na naogopa sindano. Madhara yake hasa ni yapi, na yapi ni maneno ya watu?"

Hongera kwa ujauzito, dada, na umefanya vyema kuuliza ukiwa wiki ya 33. Maswali haya mara nyingi huulizwa mama akiwa ameshafunguka sentimita 6, kakunja ngumi, na hapo hata jibu zuri haliingii kichwani.

Umetaja mambo manne: kichwa, mgongo, kupooza na kushindwa kusukuma. Kati ya hayo, kichwa ndicho dhara la kweli ambalo unapaswa kulijua na kujiandaa nalo. Mgongo unasingiziwa. Kupooza kupo, lakini ni nadra kuliko watu wanavyosimulia. Kusukuma kuna ukweli nusu. Kabla sijaingia huko, kuna mkanganyiko wa jina ambao tusipounyoosha, hadithi ya dada yako itakupotosha.

Watu wanasema "sindano ya mgongo" wakimaanisha vitu viwili tofauti. Aliyochomwa dada yako kwa ajili ya upasuaji ni spinali. Wewe unaambiwa kuhusu epidurali. Fikiria mfuko mrefu wa plastiki uliojaa maji, ndani yake mishipa ya fahamu imening'inia kama nyuzi, na mfuko wenyewe umo ndani ya bomba la mifupa, yaani pingili za mgongo. Spinali hutoboa mfuko kwa sindano nyembamba sana, dawa kidogo ya mililita 2 hadi 3 humiminwa ndani ya maji, sindano ikatolewa, basi. Ndani ya dakika chache mama hana hisia kuanzia kifuani kwenda chini, miguu hainyanyuki, na hali hiyo hudumu kama saa mbili, muda unaotosha kufanya upasuaji. Epidurali haitakiwi kuugusa mfuko. Kati ya mfuko na bomba kuna nafasi ya milimita chache yenye mafuta laini na vishipa vya damu, na humo ndimo unamowekwa mrija mwembamba wa plastiki, dawa ikapitishwa kidogo kidogo kwa saa zote za uchungu.

Kuiona jinsi inavyochomwa kunasaidia kuelewa madhara yanatoka wapi. Utakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umepindwa kama paka aliyekasirika, kidevu kifuani, au utalala kwa ubavu umejikunja. Mgongo unapakwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa ukauke. Ngozi inatiwa ganzi kwa kisindano kidogo, na hapo ndipo utakapohisi mchomo. Sindano yenyewe inaingia kiunoni, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne. Daktari hushikilia bomba la sindano lenye maji ya chumvi na kusukuma kwa kidole gumba huku akisogea milimita kwa milimita. Ikiwa bado ndani ya kano, gumba linagoma. Ncha ikiingia kwenye ile nafasi, mara nyingi kwenye kina cha sentimita 4 hadi 6, gumba linateleza ghafla na maji yanaingia bila upinzani. Milimita chache mbele zaidi kuna mfuko. Ndiyo maana utaambiwa usitikisike, na ndiyo maana unapaswa kusema "subiri" wimbi la uchungu linapokuja. Daktari mzuri atasimama na kungoja lipite. Mrija ukishaachwa ndani sentimita 4 au 5, chuma kinatolewa. Kinachobaki mgongoni mwako ni plastiki laini na plasta, unaweza kujigeuza na hata kulalia.

Kisha kuna dozi ndogo ya majaribio, kawaida mililita 3. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, masikio yakavuma, ulimi ukafa ganzi au moyo ukaanza kwenda mbio, sema papo hapo. Huenda mrija umeingia kwenye mshipa wa damu. Miguu ikizimika kabisa ndani ya dakika tano, huenda umeingia ndani ya mfuko. Yote mawili yanarekebishika yakigundulika kwa dozi ndogo. Yasipogundulika ikamiminwa dozi kubwa, ndipo yanapokuja yale ya kutisha: degedege, au ganzi kupanda kupita kifuani hadi shingoni na mama kushindwa kupumua.

Kama yote yako sawa, maumivu huanza kupungua baada ya dakika 10 na kutulia kwenye dakika ya 20 hivi. Siku hizi tunatumia dawa nyepesi, yaani dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini ya asilimia 0.1 au chini yake, ikichanganywa na fentanili kidogo, dawa ya maumivu ya jamii ya morfini. Kwa spinali ya upasuaji tunatumia asilimia 0.5. Shika tofauti hiyo, tutairudia kwenye suala la kusukuma.

Madhara ya kawaida, yale ambayo huenda ukayaona, ni haya. Presha hushuka, kwa sababu ganzi inalegeza pia vishipa vya fahamu vinavyoibana mishipa ya damu, damu ikajikusanya miguuni. Utahisi kizunguzungu, kichefuchefu, jasho la baridi, na mapigo ya moyo ya mtoto yanaweza kupungua kwa sababu kondo la nyuma linategemea presha yako. Chama cha madaktari wa ganzi ya uzazi cha Uingereza, ambacho takwimu zake ndizo nitakazotumia hapa, kinakadiria kuwa presha kushuka kwa kiasi cha kuhitaji kushughulikiwa kunatokea kwa mama 1 kati ya 50. Dawa yake ni kulazwa kwa ubavu, dripu, na efedrini au fenilefrini kwenye mshipa, na kwa kawaida inarudi ndani ya dakika chache. Sharti ni kwamba awepo mtu wa kuipima.

Kuwashwa mwili, hasa usoni na kifuani, kunaletwa na fentanili. Si mzio, na vidonge vya mzio havisaidii sana. Kutetemeka bila baridi ni kwa kawaida, na kunatokea hata kwa wanaojifungua bila dawa yoyote. Kibofu kinapoteza taarifa, unaweza usijue kuwa mkojo umejaa, kwa hiyo mkunga anapaswa kukukumbusha kukojoa kila saa mbili hadi nne au kukuwekea mpira wa mkojo. Kibofu kilichojaa kikaachwa hivyo kinazuia kichwa cha mtoto kushuka, na kinaweza kulegea kwa siku kadhaa. Hili ni dhara dogo ambalo uzembe hulikuza.

Homa nayo ipo. Kama mama mmoja kati ya watano wanaokaa na epidurali kwa saa nyingi hupanda joto kufikia nyuzi 38. Chanzo chake si vijidudu kila mara, lakini hakuna anayeweza kuapa kuwa si maambukizi, hivyo wewe na mtoto mnaweza kupewa antibayotiki na mtoto akachunguzwa zaidi. Ni usumbufu wa kweli na ni haki yako kuujua mapema.

Na kuna dhara ambalo watu hawalihesabu kama dhara: kwamba inaweza isifanye kazi. Mama 1 kati ya 8 hubaki na maumivu kiasi cha kuhitaji msaada mwingine. Upande mmoja unapoa na mwingine unauma, au kunabaki kipande karibu na nyonga kama dirisha lililoachwa wazi. Mara nyingi mrija umeingia sana na umeegemea upande. Kuuvuta sentimita moja, kukulaza kwa upande unaouma na kuongeza dozi hutatua. Isipotatua ndani ya nusu saa, utolewe uwekwe upya. Usikubali kuambiwa "vumilia, dawa imeshaingia".

Sasa kichwa. Sindano ya epidurali ni nene kwa sababu mrija lazima upite ndani yake. Ikipitiliza ile nafasi na kuutoboa mfuko, tundu linavujisha maji. Ubongo nao unaelea kwenye maji hayo hayo. Yakipungua, ukisimama ubongo unashuka kidogo, unavuta tando zinazoushikilia, na mishipa ya damu ya kichwani inatanuka. Kwa hiyo kichwa hiki kina alama yake: ukikaa au kusimama kinauma ndani ya dakika chache, ukilala chali kinatulia. Huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, hukaa kwenye paji la uso au kisogoni, shingo inakaza, masikio yanavuma, mwanga unaumiza macho. Mtu wa kwanza kukieleza vizuri alikuwa na sababu: daktari wa Ujerumani August Bier, aliyeanzisha ganzi ya spinali mwaka 1898, alijifanyia jaribio yeye mwenyewe na akalala kitandani na kichwa hicho zaidi ya wiki.

Makadirio ya sasa ni mama 1 kati ya 100 kwa epidurali na 1 kati ya 500 kwa spinali. Idadi hiyo ya spinali inahusu sindano nyembamba zenye ncha butu kama ya penseli, ambayo hutenganisha nyuzi za utando badala ya kuzikata. Sindano zenye ncha ya kukata ni za bei nafuu na bado zinatumika sehemu nyingi, na vichwa vinavyofuata ni vingi zaidi. Dada yako anaweza kuwa aliangukia hapo.

Huenda pia aliambiwa alale chali saa 24 bila mto, na kwamba kichwa kilimuuma kwa sababu alinyanyuka mapema. Agizo hilo bado linatolewa wodini kwa nia njema, lakini utafiti umeonyesha halizuii kitu. Kulala kunatuliza kichwa kikishaanza, ila hakukizuii kuanza, na mama aliyejifungua akilazwa bila kunyanyuka anajiongezea hatari ya damu kuganda miguuni. Kwa hiyo dada yako hakukosea chochote. Mwambie.

Kikikupata, matibabu ya mwanzo ni parasetamoli gramu 1 kila saa 6, ibuprofeni kama daktari wako ameiruhusu, maji ya kawaida ya kukata kiu, na kahawa au chai kali ambayo husaidia kwa muda. Vichwa vingi hujiponea ndani ya wiki moja au mbili. Lakini wiki mbili za kunyonyesha ukiwa umelala ni adhabu, na kuna tiba. Damu yako mwenyewe, mililita 20 hivi, inachotwa mkononi kwa usafi wa chumba cha upasuaji na kuingizwa pale pale kwenye nafasi ya epidurali. Inaganda na kuziba tundu. Kama theluthi moja ya wanaofanyiwa hupona kabisa kwa mara ya kwanza, na wengi wa waliobaki hupata nafuu ya kutosha kukaa na kumbeba mtoto. Wengine hurudiwa. Inafanya kazi vizuri zaidi ikifanywa baada ya saa 24 hivi za mwanzo. Mama anayeambiwa "kitaisha chenyewe" bila hata kuonwa na daktari wa usingizi hajatendewa haki.

Hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi kwa sababu ya presha yako. Kichwa kinachouma baada ya kujifungua si cha sindano mpaka presha ipimwe. Kifafa cha mimba kinaweza kuja siku na hata wiki kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa, na kichwa ndicho kinachotangulia. Ikiwa presha ni 140/90 au zaidi, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Ikifika 160/110, au ukaona vimulimuli, au ukaumwa chini ya kifua upande wa kulia, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane. Vilevile kichwa ambacho hakijali tena kama umelala au umesimama, kinachokuja na homa, degedege, usingizi usio wa kawaida au mkono kukosa nguvu, hakisubiri asubuhi.

Tuje kwenye mgongo. Karibu nusu ya wajawazito wanaumwa mgongo kabla hawajaona sindano yoyote. Homoni za mimba zinalegeza kano za nyonga, tumbo linavuta kiuno mbele, misuli ya tumbo inatanuka na kupoteza nguvu. Baada ya kuzaa unafuata mwaka mzima wa kuinama: kunyonyesha umejikunja, kuogesha mtoto kwenye beseni chini, kufua, kubeba. Wanawake waliopangwa kwa bahati nasibu kupata au kutopata epidurali walipofuatiliwa, maumivu ya mgongo ya muda mrefu yalikuwa sawa pande zote mbili. Kinachosababishwa na sindano ni uchungu wa juu juu pale ilipoingia, kama jipu dogo lililominywa, unaoisha kwa siku chache. Hata ile imani ya kwamba mgongo uliochomwa unauma wakati wa baridi haina njia ya kuielezea mwilini. Najua kwamba kauli hii haipendezi kwa mtu ambaye mgongo wake unauma kweli, na kwa sababu hiyo nitarudi kwa dada yako mwishoni.

Kupooza. Ugwe wa mgongo, ile kamba kuu ya fahamu, huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno kwa mtu mzima. Sindano inaingia chini ya hapo, mahali zilipo nyuzi zinazoelea na kusogea. Ikigusa uzi mmoja utahisi shoti ya umeme mguuni. Sema upande gani, daktari ataacha na kubadili mwelekeo. Kipande cha ngozi kilichokufa ganzi au mguu dhaifu kwa muda hutokea kwa takriban 1 kati ya 1,000, na ukizidi miezi sita ni 1 kati ya 13,000. Jipu kwenye nafasi ya epidurali ni 1 kati ya 50,000. Damu kuvilia humo ni 1 kati ya 170,000, na jeraha kubwa hadi kupooza ni 1 kati ya 250,000. Namba hizi ni za hospitali zenye usafi, vifaa na watu wa kufuatilia, usizichukue kama ahadi ya mahali popote.

Kuna jambo ambalo karibu halisemwi: kuzaa kwenyewe huumiza mishipa ya fahamu mara nyingi kuliko sindano. Kichwa cha mtoto kikikaa muda mrefu kwenye nyonga kinaibana mishipa inayoshuka miguuni, na miguu ikishikiliwa imekunjwa au goti likibanwa na chuma cha kitanda, unyayo unaweza kushindwa kunyanyuka kwa wiki kadhaa. Hili hutokea kwa karibu mama 1 kati ya 100, aliyechomwa na asiyechomwa. Wengi hupona. Mtaani wote wanaitwa "aliyepoozeshwa na sindano". Siwezi kujua nini kilimpata yule anayesemwa na mama mkwe, lakini hili ndilo la kwanza ningeliuliza.

Kusukuma. Nesi wako hakutunga. Zamani epidurali ilitolewa kwa dozi nzito, miguu ikawa magogo na mama hahisi kitu, vakumu, chombo cha kumvuta mtoto, ikaitwa mara kwa mara. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 40 zenye wanawake zaidi ya 11,000, yalionyesha kuwa epidurali haiongezi upasuaji. Kuhusu vakumu na koleo, ongezeko lilionekana tafiti zote zilipojumlishwa, lakini kwenye zile za baada ya mwaka 2005, enzi za dawa nyepesi, halikuonekana. Uchungu hurefuka kiasi, na baadhi ya akina mama huhitaji dripu ya kuongeza nguvu. Kwa dozi nyepesi unapaswa kubaki na hisia ya kukandamizwa na nguvu ya kunyanyua mguu. Njia ikifunguka yote na huna hamu ya kusukuma, kama mtoto yuko salama mnaweza kusubiri saa moja hivi kichwa kishuke chenyewe. Kuzima dawa ili "asikie uchungu asukume" ni kumrudishia mama maumivu yote kwa mkupuo bila faida iliyothibitishwa.

Aspirini yako haizuii. Dozi ya mg 75 hadi 150 si kizuizi cha epidurali. Zinazozuia kwa muda ni sindano za kuzuia damu kuganda kama enoksaparini, zinazotaka zipite saa 12 tangu dozi ya kinga na saa 24 tangu dozi ya tiba. Kwa presha yako kitakachoangaliwa ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zikiwa zaidi ya 80,000 wengi wetu tunaendelea. Zikiwa chini ya 70,000, au zinashuka kwa kasi, tunaacha, kwa sababu damu ikivilia kwenye bomba la mfupa haina pa kwenda isipokuwa kuikandamiza mishipa ya fahamu. Zikiwa nzuri, epidurali ina faida ya ziada kwako: uchungu unapandisha presha, nayo inaituliza, na ukihitaji upasuaji wa ghafla mrija ule ule unaongezwa dawa nzito badala ya kukupa nusu kaputi. Maambukizi kwenye ngozi ya kiuno, homa kali ya maambukizi ya damu na kutokwa damu nyingi ni sababu za kuacha. Virusi vya UKIMWI na selimundu si sababu.

Baada ya haya yote, swali linaloamua usalama wako ni nani atabaki nawe chumbani baada ya plasta kubandikwa. Madhara mengi niliyoyataja ni madogo yakionwa mapema. Kwa hiyo nenda hospitali hiyo kabla ya wiki ya 36, omba kuonana na daktari wa usingizi mwenyewe, umwulize: Usiku na siku za sikukuu nani anachoma, na baada ya kuchoma anakuwa wapi? Presha itapimwa kila dakika 5 kwa dakika 20 za mwanzo na baada ya kila nyongeza? Mapigo ya mtoto yatafuatiliwaje? Efedrini inakaa chumba cha leba au imefungiwa kabati la chumba cha upasuaji? Chumba cha upasuaji kinafanya kazi saa 24? Kichwa kikiuma nikiwa nyumbani nampigia nani? Na ile bei, je, inajumuisha nyongeza za dawa na kuweka upya mrija ukigoma? Ukijibiwa kwamba daktari anakuja, anachoma, anaondoka kwenda hospitali nyingine na mkunga mmoja anaangalia wazazi sita, ushauri wangu ni usichukue epidurali hapo. Ukijibiwa vizuri, hofu ya sindano isikunyime.

Ukiikosa au ukiikataa, hujaachwa mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018, linaitambua epidurali kwa mama anayeitaka, na pia linatambua dawa za sindano kama pethidini, masaji na mbinu za kujituliza. Pethidini inapunguza makali tu, inaleta kichefuchefu na usingizi, na mtoto akizaliwa ndani ya saa chache baada yake anaweza kuwa mzito kupumua, hivyo awepo mtu wa kumsaidia. Kutembea, maji ya moto kiunoni, mkono wa mtu unayemwamini ukikandamiza mgongo wa chini kila wimbi linapokuja: hivi havina madhara na vinasaidia kuliko vinavyosifiwa. Pia huna haja ya kuapa leo. Unaweza kuanza bila sindano na kuiomba baadaye. Si lazima ungoje sentimita 4, ila ukiomba wakati kichwa cha mtoto kinaonekana, muda wa kukaa tuli na kungoja dakika 20 haupo tena.

Ukishajifungua, mrija ukitolewa omba uoneshwe kuwa ncha yake imetoka nzima. Usinyanyuke mara ya kwanza bila mtu pembeni. Saa 4 baada ya dozi ya mwisho unapaswa uweze kuunyanyua kila mguu ukiwa umenyooka kutoka kitandani. Ukishindwa, daktari wa usingizi aitwe saa hiyo hiyo, bila kungoja zamu ya asubuhi, kwa sababu damu iliyovilia ikiondolewa ndani ya saa chache miguu hupona, na ikicheleweshwa huenda isirudi. Ukiwa nyumbani, katika wiki za mwanzo, maumivu makali ya mgongo yanayozidi kila siku pamoja na homa, usaha pale palipochomwa, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo na choo, ni safari ya hospitali siku hiyo.

Na dada yako. Kwa kuwa sindano ya miaka mitatu iliyopita haielezi mgongo unaouma leo, maana yake kuna sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitafuta. Pengine ni misuli ya tumbo iliyolegea, na mazoezi ya wiki nane kwa mtaalamu wa viungo yatamtoa. Lakini mwulize kama anapata homa za jioni, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito, au kama kuna pingili moja inayouma ikigongwa kwa kidole, na kama miguu inaishiwa nguvu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huanza hivyo hivyo, polepole, na hapa kwetu kipo. Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, apelekwe wiki hii akapigwe picha ya mgongo.